Mlima Mbeya, Rungwe, Kitulo au Kilimanjaro moja kwa moja: wapi pa kujifunzia mlima wa baridi wakati theluji haina ahadi

Kijana wa Mbeya, Njombe au Iringa akisema anataka kujifunza kutembea kwenye mlima wa baridi, jibu analopewa mara nyingi ni moja: nenda Kilimanjaro, huko ndiko kwenye theluji. Shida ni kwamba theluji ya Kilimanjaro haina ratiba. Mwaka 1912 barafu ya kudumu ya kileleni ilitanda kwenye karibu kilomita za mraba 11.4. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Theluji mpya huanguka zaidi wakati wa masika na vuli, na jua la karibu na Ikweta huila kwa siku chache. Mtu anaweza kulipia safari ya Agosti, akafika Uhuru kwenye mita 5,895, akashuka bila kukanyaga kitu kingine isipokuwa vumbi, mawe na mabaka machache ya barafu. Kama alikwenda kujifunza theluji, amerudi na cheti lakini hana ujuzi.

Kwa hiyo swali la kuuliza kwanza ni hili: katika ujuzi wa mlima wa baridi, nini kinahitaji theluji na nini hakihitaji? Watu huumia kwenye milima ya namna hii kwa njia tatu kuu. Wanaloa na kupoa, wanapotea, au wanateleza. Mbili za kwanza Nyanda za Juu Kusini zinazifundisha kikamilifu, na wakati mwingine kwa ukali kuliko theluji yenyewe, kwa sababu mvua ya nyuzi 5 hupenya nguo ambazo theluji kavu ingedunda tu. Ya tatu inafundishika nusu. Kinachokosekana huku kabisa ni mambo mawili: kuisoma theluji yenyewe, na kuuzoesha mwili kimo kikubwa. Ugonjwa wa kimo huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500, na huwa wa hatari hasa juu zaidi ya hapo. Vilele vyetu vyote vinaishia chini ya mita 3,000.

Tumelinganisha sehemu nne kwa kipimo hicho.

Mlima Mbeya na Loleza: darasa la Jumamosi

Sifa kubwa ya Mlima Mbeya (karibu mita 2,820) na jirani yake Loleza (mita 2,656) ni ukaribu. Jiji lenyewe liko kwenye kama mita 1,700, na mtu wa Mbalizi au Mwanjelwa anaweza kupanda, kukosea, kurudi nyumbani kulala, na kurudia wiki inayofuata. Ujuzi wa mlima huingia kwa kurudia, na hakuna sehemu nyingine kati ya hizi nne inayoruhusu kurudia kwa nauli ya daladala.

Hapa jifunze miguu na muda. Miguu maana yake ni kuweka unyayo wote chini kwenye mteremko badala ya vidole, kupanda kwa kona badala ya kunyoosha, na kushuka magoti yakiwa yamelegea kidogo. Muda maana yake ni kukadiria kabla ya kuondoka. Kanuni ya zamani, ya mwaka 1892, bado inafaa: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 6 yenye mita 800 za kupanda inatoa saa 1 na dakika 12, jumlisha saa 1 na dakika 20, yaani saa 2 na nusu hivi. Kwa kundi lenye mizigo ongeza nusu yake. Andika makadirio kwenye karatasi, panda, linganisha. Baada ya Jumamosi tatu utaijua kasi ya kundi lako, na siku ukungu ukifunga, saa ya mkononi itakuambia umefika wapi kabla hujatoa ramani.

Upungufu wake: baridi yake ni ya kuvumilika, na mji unauona chini muda mwingi, kwa hiyo ni vigumu kupotea kiasi cha kujifunza. Septemba na Oktoba majani yanakuwa makavu na mioto ya nyika hupanda mteremko haraka kuliko mtu. Ukiona moshi chini yako upande upepo unakotokea, geuza mapema.

Rungwe: shule ya kuloa

Rungwe, mita 2,960, ni volkano iliyolala juu ya Tukuyu, na miteremko yake ya kusini mashariki ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, hadi karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Msitu mnene unafuatwa na mianzi, kisha majani. Ni makazi ya kipunji, nyani aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 tu, na huo peke yake ni ushahidi wa jinsi msitu ule unavyoweza kuficha vitu, mtu akiwemo. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Omba kibali na mwongozaji kabla, maana njia za wavuna mianzi na za wanyama zinachanganya hata wenyeji.

Hapa ndipo pa kujifunza nguo. Sheria ya kwanza ni kutotokwa jasho. Ondoka ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza na jaketi umelifunga mpaka shingoni, ndani ya nusu saa utakuwa umelowa kwa jasho lako mwenyewe, na ukisimama tu upepo unalipoza. Sheria ya pili ni kukataa pamba. Jinzi na fulana za pamba hushika maji na kukaa nayo. Mitumba ya Mwanjelwa ina kila kitu unachohitaji kama utasoma lebo ndani ya kola: sufu, polista, nailoni. Sweta mbili nyembamba za polista ni bora kuliko moja nene, kwa sababu unaweza kuvua moja. Nguo kavu za akiba, yaani soksi, sweta, suruali na kofia, ziwe kwenye mfuko mzito usiopitisha maji, mdomo umekunjwa mara tatu. Mfuniko wa begi peke yake hautoshi. Maji hushuka mgongoni na kuingia upande wa mikanda.

Mazoezi yanayofaa zaidi Rungwe yanaonekana ya kijinga mpaka uyafanye. Mkiwa mmelowa na mkitokea kwenye mianzi kuingia uwanja wa majani wenye upepo, simameni dakika 20. Kila mtu avae, ale, anywe, kisha mfungue turubai la dharura na kukaa ndani wote. Angalieni nani anashindwa kufunga zipu. Huyo ndiye anayepoa. Dalili hufuatana hivi: kutetemeka, vidole kukataa kazi, kujikwaa, ulimi kuwa mzito, kununa bila sababu. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla bila kupata joto, hali imekuwa mbaya. Tiba ni kumwondoa kwenye upepo, kumvua vilivyoloa, kumvika vikavu, kuweka kitu kati yake na ardhi, na kumpa chai yenye sukari nyingi kama anaweza kumeza mwenyewe. Msimsugue mikono wala miguu, na msimpe pombe.

Rungwe ni safari ya siku nzima, ya kuondoka kungali giza. Mwezi Machi na Aprili tunashauri muiache: vijito hujaa, udongo wa volkano unakuwa sabuni, na atakayevunjika kifundo atabebwa kwa saa nyingi. Mwisho wa Mei, au Novemba mvua zinapoanza, kuna maji ya kutosha kwa somo.

Kitulo: mahali panapokaribia majira ya baridi kuliko pote huku

Kama mtu ana nafasi ya kuchagua sehemu moja tu, tunamwambia Kitulo, na aende kipupwe, Juni hadi Agosti. Wengi huijua kama Bustani ya Mungu kwa maua ya Desemba hadi Aprili, na hifadhi hii ya TANAPA iliyoanzishwa mwaka 2005 inastahili jina hilo. Lakini kwa somo letu, miezi isiyo na maua ndiyo yenye thamani. Uwanda uko kwenye kama mita 2,600, hauna miti ya kukinga upepo, na usiku wa kipupwe joto hushuka hadi sifuri na chini yake. Asubuhi majani yamepakwa sakitu nyeupe inayovunjika chini ya buti. Kimwili, usiku huo ni sawa na usiku wa kambi ya theluji. Jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo una zaidi ya saa 12 za giza na baridi za kujifunzia.

Anza na mahali pa hema. Mkulima wa viazi wa Makete anajua kwamba sakitu huunguza shamba la bondeni na kuacha la mteremkoni, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda chini kama maji. Kanuni ni hiyo hiyo kwa hema. Sehemu tambarare kando ya kijito inapendeza saa 10 jioni, na saa 10 alfajiri ndiyo sehemu ya baridi kuliko zote. Panda mita 20 au 30 juu yake, upande usio na upepo. Usifunge hema lote; pumzi ya watu wawili isipotoka huganda kwenye kitambaa cha ndani, na jua likipiga inawanyeshea.

Chini yako weka unene kuliko juu yako. Blanketi la Kimasai juu ya mkeka mwembamba halitoshi, kwa sababu ardhi ndiyo inayonyonya joto. Mikeka miwili ya povu, au mmoja juu ya matandiko ya nguo zote ulizobeba, inabadilisha usiku.

Vitu viwili vidogo hushinda watu wengi asubuhi ya kwanza. Chupa ya maji huganda kuanzia juu, kwa hiyo ilaze ikiwa imepinduliwa, mfuniko chini. Asubuhi ukiigeuza mdomo unakuwa wazi. Na jiko la gesi linakataa. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, hivyo mtungi wenye butani nyingi unatoa moto wa mshumaa au hautoi kabisa. Lala nao ndani ya mfuko wa kulalia, au chagua mtungi wenye mchanganyiko wa propani. Jiko la mafuta ya taa halina tatizo hilo, ila linataka mazoezi ya kuliwasha kwa mikono iliyokufa ganzi. Popote, usipikie ndani ya hema lililofungwa. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto wa jiko, haina harufu.

Kisha uelekezaji. Kitulo inashinda Rungwe na Mlima Mbeya kwa mbali hapa, kwa kuwa iko wazi, imepindapinda, kila kilima kinafanana na kingine, na ukungu unafunga kwa dakika chache. Zoezi la msingi linataka watu watatu. Mmoja anatangulia mpaka ukingo wa kuonekana, mita 20 au 30, wa pili anashika dira na kumwelekeza kushoto au kulia, wa tatu anahesabu hatua. Hesabu mguu mmoja tu: kwenye tambarare watu wengi hutumia hatua 60 hadi 70 za mguu huo kwa mita 100, na kwenye vishungi vya majani ukipanda zinaweza kupita 90. Pima zako kwa kamba ya mita 50 kabla ya safari. Tembeeni mita 400 hivyo, kisha tazameni mmekosea kiasi gani.

Zoezi la pili ni kukosea kwa makusudi. Ukitafuta daraja kwenye kijito, usilielekee lenyewe. Elekea mita 100 kushoto kwake. Ukifika majini unajua daraja liko kulia. Ukilielekea lenyewe na kulikosa, hujui ugeukie wapi.

Kuna mitego miwili ya vifaa ambayo imewapoteza watu wenye bidii. Dira nyingi za bei nafuu zimesawazishwa kwa ajili ya Ulaya, na huku kwetu ncha ya kusini ya sindano inainama mpaka inakwaruza chini na kuganda. Nunua iliyosawazishwa kwa ukanda wetu au yenye sindano ya dunia nzima, na uijaribu dukani ikiwa imelala sawasawa. Mtego wa pili: ramani nyingi za serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa kuhesabia mahali uitwao Arc 1960, wakati simu yako inatumia mwingine, WGS84. Namba zile zile zinaangukia sehemu zinazopishana kwa karibu mita 300. Kwenye uwanda hiyo ni usumbufu, kwenye ukingo wa korongo ni kifo. Badilisha mfumo kwenye programu ya simu ulingane na ulioandikwa pembeni mwa ramani. Na kumbuka simu yenyewe hupoteza chaji haraka kwenye baridi. Ibebe ndani ya shati.

Kufika kunachosha. Kutoka Chimala unapanda kwenda Matamba kwa barabara ya Hamsini na Saba, jina lililotokana na idadi ya kona zake. Panga usiku usiopungua mbili, na uulize mapema kuhusu kibali cha kulala nje na askari wa kuongozana nanyi. Wenye nguvu wanaweza kuongeza Mtorwi upande wa Kipengere, mita 2,961, unaoushinda Rungwe kwa mita moja tu. Novemba hadi Aprili hesabu ya hatari inabadilika: radi za mchana kwenye uwanda usio na mti. Muwe mmeshuka vilimani kabla ya saa 6.

Na Iringa?

Udzungwa, yenye Luhomero ya mita 2,579, ni mlima mzuri sana wa msitu na wa safari ndefu za siku kadhaa, lakini si wa somo hili. Joto na unyevu wake vinafundisha mambo mengine. Mkazi wa Iringa mjini atafaidi zaidi kwa kufanya mazoezi ya dira kwenye ukungu wa Mufindi mwishoni mwa wiki, kisha kutunza fedha zake kwa Kitulo.

Theluji yenyewe

Kutoka Mbeya hadi Moshi ni basi la siku nzima na zaidi, na gharama ya Kilimanjaro, hata kwa raia, ni ya akiba ya muda mrefu. Faida zake hazipatikani kwa kiwango hicho kwingine nchini: kimo cha kweli, usiku wa kilele kwenye nyuzi nyingi chini ya sifuri, na pengine theluji. Ukitaka kuongeza uwezekano wa kuikuta, nenda pembezoni mwa mvua, ukijua kwamba utalipia kwa matope msituni na mawingu juu. Ukitaka kilele kwa uhakika, nenda kiangazi na usitegemee theluji. Mambo hayo mawili huvutana, na atakayekuuzia yote mawili kwa pamoja muulize anayahakikisha vipi.

Meru, mita 4,566, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni hatua ya kati tunayoipendekeza. Ukingo wake mwembamba na majivu yanayoteleza hufundisha hatua za kupiga teke, ncha ya buti ikichimba kijukwaa kabla ya kuweka uzito, ambayo ndiyo hatua ya theluji laini. Huko mvua ya mawe na theluji kidogo hutokea, bila ahadi.

Kwa anayehitaji theluji ya uhakika kwa sababu anakwenda Ulaya au Nepal, Afriski ya Lesotho, juu ya mita 3,000, hutengeneza theluji kwa mashine kipupwe. Huo ni mteremko wa kuchezea ski, lakini kwa kuzoea kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, uliza kama wanaruhusu pembeni. Maporomoko ya theluji ni somo lingine, la mwalimu mwenye sifa, na Nyanda za Juu Kusini haziwezi kulifundisha.

Sululu kwenye majani: nini kinafundishika

Kujisimamisha kwa sululu ya barafu unapoteleza ni ujuzi ambao wengi wanadhani lazima usubiri theluji. Nusu yake haisubiri. Chagua mteremko wa majani mafupi yaliyolowa, wa nyuzi 20 hadi 25, usio na jiwe wala uzio, wenye tambarare ndefu chini. Vaa suruali ya mvua, glavu na kofia ngumu. Chonga sululu ya mti ya sentimita 60. Ya shambani ni nzito na itakuumiza.

Mkono mmoja juu ya kichwa cha sululu, upande mpana ukiwa karibu na bega, mwingine mwishoni mwa mpini, mpini ukipita kifuani kwa mshazari. Ukiteleza kwa mgongo, geukia upande wa kichwa cha sululu, kamwe si upande wa ncha ya chini, maana ncha hiyo ikigonga kwanza inakunyang'anya kifaa au kukuchoma. Bonyeza kwa kifua, inua kiuno kidogo, kunja magoti nyuma ili miguu isiguse. Miguu inainuliwa kwa sababu siku utakapovaa kramponi, meno yakinasa kwa kasi yatakupindua na kuvunja kifundo. Rudia mara 30 kila upande, kisha kichwa kikiwa chini. Kramponi usivae kabisa kwenye zoezi hili.

Majani hayafundishi kasi. Kwenye theluji ngumu mtu hupata mwendo wa kutisha ndani ya sekunde mbili, na usipofanikiwa mwanzoni hutafanikiwa. Hayafundishi pia ugumu wa uso, unaobadilika kutoka kioo cha alfajiri hadi uji wa saa 4.

Uchague nini

Mwenye Jumamosi tu na hela kidogo: Mlima Mbeya, mara tatu au nne, dira na saa mkononi kila mara. Mwenye kundi linalojiona imara ambalo halijawahi kuloa pamoja: Rungwe, kabla ya kitu kingine chochote. Anayelenga Kilimanjaro mwaka ujao: Kitulo mwezi Julai kwa usiku mbili, Meru baadaye, ndipo mlima mkubwa. Anayetaka kazi ya uongozaji afanye zote kwa mpangilio huo, na asiache Rungwe, kwa sababu mteja atapoa kwenye mvua ya msituni siku ya kwanza kabla hajaiona barafu.

Na ukifika juu ukaikuta theluji, omba dakika 40 za mapumziko ya njiani zigeuzwe darasa. Waongozaji wengi na wagumu wao, yaani wapagazi, watakubali ukiwaambia siku moja kabla. Sululu na kramponi za kukodi hupatikana Moshi na Arusha. Zijaribu kwenye buti zako mwenyewe palepale dukani, zikazwe, utikise mguu kwa nguvu. Kramponi ikicheza hata kidogo dukani, huko juu itachomoka.